Mke wa Edmund Haambiwi "We"

Jumapili, 14 Juni 1931

Edmund kaleta mke. Mke kaleta masanduku matatu, kofia mbili, na sauti nyembamba ya mtu anayeongea huku ameuma pini.

Baba alikuwa amevaa kola safi tangu asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye maziko ya dada yake. Alisimama mlangoni kofia mkononi, mvua inamwagika, akasema, "Karibu, mwanangu. We njoo ukae hapa kwenye moto, umelowa."

Edmund akakohoa. "Baba, mke wangu haambiwi we."

Baba akamtazama yule mwanamke, kisha akatazama nyuma yake kama kuna mwingine anayekuja. "Haambiwi we? Basi anaambiwaje, naye yuko peke yake?"

"Anaambiwa ninyi. Kama watu wastaarabu. Hiyo we yenu, *thee* ya Kiingereza cha mabondeni, ni neno la zizini. Huko mjini Harrogate ukimwambia mtu hivyo watu wanageuka kukutazama."

Baba aliuma kiko chake. "Basi ninyi kaeni hapo kwenye moto," akamwambia yule mwanamke, kisha akaenda kuwaangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa. Niliwakamua mimi.

Edmund ni ndugu yangu wa pekee, na miaka mitatu ya kununua sufu mijini imemharibu. Anajua vizuri kama mimi mambo ya bonde hili. Wakubwa wetu tunawaambia ninyi, hata kama ni mtu mmoja amekaa kwenye kigoda: baba mzazi, daktari, mchungaji, wakala wa mwenye ardhi. Wengine wote ni we. Ukimwambia we mtu usiyemjua umemtukana, na ukimwambia ninyi mtu wa nyumbani umemfukuza. Mtoto wa miaka minne analijua hilo. Baba alikuwa anamfungulia mlango, na mwanawe akaufunga kwa niaba ya mkewe.

Mke anaitwa Millicent. Baba yake ana duka la vitambaa, anasema Edmund. Yeye mwenyewe aliinamia kikombe. Alikunywa chai kama anaipima.

Mungu mwenyewe, aliyeiumba Harrogate pamoja na hoteli zake, tunamwambia we kila Jumapili, na hajawahi kugeuka kutazama.

Jumatatu, 15 Juni

Mvua.

Jumatano, 17 Juni

Leo Millicent kamwambia mbwa, "Ninyi, tokeni jikoni." Moss akageuka kumtafuta mbwa wa pili. Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa, na Edmund akaninunia hadi usiku.

Jumatatu, 22 Juni

Watu wanauliza mimi namwambiaje, we au ninyi. Simwambii chochote. Nimegundua kwamba mtu anaweza kuishi na wifi yake wiki nzima bila kumgusa kwa neno. "Chai iko mezani." "Mlango haujafungwa." "Kuna anayeacha sabuni majini." Naongea hivyo, nikiutazama ukuta, na ukuta unanielewa.

Namna anavyokunja nguo zake inanitia kinyaa. Namna anavyosema "asanteni" kwa mtu mmoja inanitia kinyaa. Anaamka mapema, hilo nakubali. Lakini hata jogoo huamka mapema, na hakuna anayemsifu.

Jumapili, 28 Juni

Kanisani. Bibi Peacock wa shamba la jirani alimshika mkono mlangoni na kumwambia, "We ndiye mke wa Edmund! Acha nikutazame." Kwa Martha Peacock, ambaye moyo wake ni mgumu kama jibini ya mwaka jana, hayo ni mapenzi makubwa. Millicent akatabasamu kwa mdomo tu. "Nafurahi kuwaona," akasema.

"Kuwaona!" Bibi Peacock aliniambia baadaye. "Kwani mimi niko wangapi? Nimenenepa, lakini sijafika huko. Mwambie wifi yako maringo hayakamui ng'ombe."

Nilisema nitamwambia. Sitamwambia. Nayaweka, yatakuja kufaa.

Jumamosi, 4 Julai

Sasa najua kwa nini kaja na masanduku matatu.

Wakati wa chakula Edmund kasema mpango wake. Baba ana miaka sabini na tatu. Bwana Fairclough, wakala wa mwenye ardhi, atakuja mwisho wa mwezi, na hapo mkataba wa kulikodi shamba utaandikwa kwa jina la Edmund. Halafu ng'ombe watapunguzwa na nyumba itapakwa rangi. Watu wa mjini Leeds watakuja kulala hapa majira ya joto, kutazama milima na kula mayai yetu. Chumba changu ndicho chenye dirisha la kuelekea mlimani, kwa hiyo kitakuwa cha wageni.

"Na Tamar?" Baba aliuliza.

"Tamar atakuwa jikoni. Si amezoea?"

Nina miaka arobaini na moja. Tangu mama afe nimeiendesha nyumba hii, nimezalisha kondoo kwenye theluji, nimemwosha baba alipougua mapafu. Nimezoea. Nikakata mkate. Nilikata mwingi kuliko tuliohitaji.

Kisha Edmund akaanza kumfundisha baba namna ya kuongea siku ya wakala. Asiseme we kwa yeyote mezani, hata kwangu. Asimwage chai kwenye kisahani. Asiseme "sisi wa huku juu".

"Nimekuwa nikimwambia mkeo ninyi tangu aje," baba akasema, "na nimechoka. Ni kama kuhutubia mkutano."

Millicent alikuwa ameinamia sahani yake. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu. Hasira, nadhani, ya kulinganishwa na mkutano.

Ijumaa, 10 Julai

Mvua. Nyasi za bonde la chini zimelala kama walevi.

Jumamosi, 11 Julai

Mvua. Edmund anamsahihisha baba kila mlo. Baba amepunguza milo.

Jumamosi, 18 Julai

Jua! Tumekata bonde la chini lote, na mimi nimegeuza nyasi kwa reki, zikauke ziwe chakula cha ng'ombe wakati wa baridi, mpaka viganja vimechubuka. Edmund alikuja saa nne na glovu za ngozi, akafanya kazi kidogo, akaketi juu ya ukuta wa mawe kuueleza upepo namna ya kuvuma.

Millicent alileta chai kwenye kikapu, na kofia yake. Alipofikiri hakuna anayemwona aliokota nyasi kiganjani, akaisokota, akainusa, akatikisa kichwa, akaiacha. Labda alidhani ni kitambaa. Lakini ni kweli zilikuwa bado mbichi, na baba, aliyenusa baada yake, alisema hivyo hivyo.

Jumapili, 19 Julai

Jua kali siku nzima. Edmund alitaka tufanye kazi. Baba akasema Jumapili ni Jumapili, kama nyasi ni za Mungu atazitunza.

Jumatatu, 20 Julai

Mungu hakuzitunza. Mvua tangu alfajiri.

Jumatatu, 27 Julai

Bonde la chini tumeokoa nusu, na hiyo nusu ng'ombe wataila kwa hisani tu. Lililobaki ni shamba la juu, lile la mteremko mkali chini ya mlima. Tumelikata leo. Likipotea hilo, tutauza ng'ombe kabla ya Krismasi, na Edmund atapata nafasi ya vitanda vyake bila hata kuiomba.

Jumatano, 29 Julai

Naandika mezani jikoni. Nitaandika yote kwa mpangilio.

Bwana Fairclough alifika kabla ya chakula cha mchana, mtu mnene mpole mwenye buti nzuri. Edmund alimpokea langoni kana kwamba ni yeye aliyeujenga mlima. Tulikula nyama ya nguruwe, viazi, na pai ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini. Millicent alimimina chai kidole cha mwisho kimesimama kistaarabu. Baba alivaa kola ile, akatazama sahani, asiseme kitu. Wakala akimwuliza habari za kondoo, Edmund anajibu. Akimwuliza habari za afya yake, Edmund anajibu. Nikamtazama baba yangu, mtu aliyewahi kumtoa fahali mtoni kwa kumtukana tu, amekaa bubu kwenye meza yake mwenyewe kwa kuogopa neno dogo kuliko punje. Nilimchukia Edmund. Nilimchukia na mwanamke wake, na kidole chake.

Kisha jikoni kukaingia giza. Wingu lilikuwa limeupanda mgongo wa mlima, jeusi, na shamba la juu lote lilikuwa kavu, nyasi zimekusanywa kama vichuguu, tayari kubebwa.

Baba aliinuka. "Nyasi," akasema. Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu tukae mezani.

Tulitoka wote. Mteremko ule haupandiki kwa magurudumu. Nyasi tunaziteremsha kwa gari la kuburura, mbao mbili ndefu chini na uzio juu, farasi mbele. Baba alimwongoza farasi, mimi na Edmund tukapakia. Wakala alivua koti lake bila kuombwa akachukua uma wa nyasi, na alijua kuutumia. Millicent alisimama kwenye kona ya ukuta na viatu vyake.

Safari mbili zilienda vizuri. Ya tatu radi ikapiga. Farasi akaruka, gari likateleza kando, likashuka na shehena yake yote likamwangusha baba, likambana chini kwenye ukuta wa mawe. Alibanwa kuanzia kiunoni. Farasi akazidi kuvuta, na kila akivuta gari linazidi kukaza. Nikasikia mfupa. Sitaki kuandika ulilia vipi.

Mimi nilikuwa juu ya shehena, nikaanguka upande wa pili. Nilipoinuka nilimwona ndugu yangu. Amesimama, mikono ameishika kwenye kizibao chake kipya, anapiga kelele, "Fanyeni kitu! Fanyeni kitu!" Alikuwa anamwambia nani? Tulikuwa sote tuko pale.

Ndipo ilipokuja ile sauti, na sikuijua. Ilikuwa nene, ya shambani, ya mtu aliyekulia kwenye upepo. Nikadhani ni Bibi Peacock.

"We Edmund! We gogo la mtu, shika mwisho huo! Huo, we mpumbavu, si huo! We mwenye buti, ingiza uma wako chini ya ubao uusukumie juu! We Tamar, acha kulia, kata kamba!"

Sikuwa nalia. Nataka hilo lijulikane.

Alikuwa amepita kati yetu sketi ameikunja kiunoni. Alimwendea farasi mbele, akambandika bega lake kifuani, akaanza kumwambia maneno yale ambayo waswaga farasi wa mabonde ya juu tu ndio huyasema, maneno yasiyo na maana isipokuwa kwa farasi. "Rudi, we mjukuu wa shetani, rudi, taratibu, we mzuri wangu, rudi." Na mnyama yule wa ratili elfu akarudi nyuma, hatua kwa hatua, akitetemeka, mpaka kamba zikalegea. Nikazikata. Wakala akainua, Edmund naye hatimaye akainua, na yule mwanamke akapiga magoti kwenye matope akamshika baba mashavu.

"We mzee. We! Usife, unanisikia? Ukifa nitakuua."

Baba akafungua jicho moja. "Kumbe we una mdomo," akasema. Kisha akazimia.

Tulimbeba juu ya geti la mbao, mvua ikitupiga. Wakala aliendesha gari lake kumfuata daktari. Mguu umevunjika mahali pawili na mbavu zimepasuka, lakini ataishi, daktari anasema, kwa sababu ni mbishi.

Millicent alikata suruali ya baba, akachemsha maji, akashika taa wakati mguu unaunganishwa. Hakurudi kwenye sauti yake ya pini. Alisema "we shika hapa" na "we sogea" kwa kila mtu, hata kwa wakala, ambaye alisogea.

Baadaye niliwasikia kwenye stoo ya maziwa, yeye na Edmund. Kuta za nyumba hii ni nene lakini milango si kitu.

"Mmeniaibisha," Edmund alikuwa anasema. Mmeniaibisha! Kwa mkewe, wamesimama wawili gizani kati ya ndoo. "Mbele ya Fairclough. Mmenitukana kama mchunga ng'ombe. Kazi yote niliyoifanya juu yenu."

"Baba yenu alikuwa anakufa, Edmund."

"Hata hivyo."

Nimeliandika neno hilo kama alivyolisema. Hata hivyo.

Nimemdharau ndugu yangu kwa mambo mengi: glovu, nywele za mafuta, kucheka na watu wa juu na kuwakaripia wa chini. Leo nimeona yote yalikuwa utangulizi.

Alhamisi, 30 Julai

Shamba la juu limepotea zaidi ya nusu. Baba ana homa lakini amekula uji.

Millicent nilimkuta asubuhi anakamua. Ameshamaliza ng'ombe wanne, na Daisy anayempiga mateke kila mtu ametulia kama mwanakwaya.

Nikamwambia, "Duka la vitambaa lina ng'ombe wangapi?"

Hakugeuka. "Hakuna duka. Lilitungwa na Edmund." Kisha akasema yote, huku akikamua, bila kusita, kama mtu anayetema kitu kilichomkaba. Kazaliwa bonde la pili kutoka hapa, nyuma tu ya mlima. Baba yake alichimba madini ya risasi mpaka machimbo yakafungwa, kisha akakohoa mpaka akafa. Yeye mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na mitatu alisimamishwa sokoni siku ya kuajiri watumishi, akachukuliwa na mkulima, akafanya kazi ya shamba miaka sita. Baadaye Harrogate, kusugua ngazi za hoteli. Edmund alikuwa analala hapo akienda kwenye mauzo ya sufu.

"Alikuwa mpole," akasema. "Alinipeleka matembezi kila Jumapili, ananifundisha kuongea. Tukinywa chai, kila niliposema we alinigonga kidoleni kwa kijiko. Si kwa nguvu. Kwa upole. Mwishoni nikawa naogopa kuufungua mdomo, kwa hiyo niliufungua kidogo."

"Na mbwa?"

Hapo akacheka, na kicheko chake ni kibaya, kama cha bata. "Nilijua nikimwachia mbwa ile we, wote mtaipata."

Nikasimama na ndoo yangu. Wiki saba nimemchukia mtu asiyekuwepo. Inaudhi sana, kuchukia kwa bidii kiasi hicho kisha kukuta hakuna mtu ndani ya gauni.

"We ungesema tangu mwanzo," nikamwambia.

"Kwa nani? We ulikuwa unaongea na ukuta."

Bado simpendi. Anafunika sufuria ninazotaka ziwe wazi, na anaimba puani.

Jumapili, 2 Agosti

Habari zimeshafika kanisani. Bibi Peacock alikuwa anasubiri kwenye ngazi na wanawake wengine watatu, sura imemnawiri kama siku ya mnada.

"Kumbe malkia wetu ni binti wa mchimba risasi!" akasema kwa sauti, Millicent akipita. "Ninyi, mheshimiwa, hamjambo? Viatu vyenu havijachafuka?"

Wakacheka. Millicent akawa mwekundu hadi shingoni, na safari hii nilijua si hasira.

Sasa, nilikuwa na sentensi zangu. Nilikuwa nimezinoa tangu Juni, nyingine nzuri sana, na nilikuwa nimezikusudia siku kama hii. Nikazitafuta, nikakuta zote zimemgeukia Martha Peacock.

"We Martha," nikasema, "siku baba yangu alipobanwa kwenye ukuta, kelele zilisikika mpaka kinu cha chini. Mumeo alikuwa shamba la pili. Mbona hakuja? Nitakwambia. Alikuwa chini ya mkokoteni, asilowe. Huyu binti wa mchimba risasi alimrudisha farasi kwa kifua chake. Mara nyingine ukitaka kucheka, nenda kamcheke yule uliyenaye kitandani."

Mchungaji akakumbuka kupiga kengele.

Njiani Millicent akasema, "Sikukuomba."

"Na mimi sikukufanyia wewe," nikamjibu. "Nilikuwa na akiba ya maneno, yangeoza."

Jumatano, 12 Agosti

Mvua. Edmund amehamia chumba cha mbele. Akitaka kitu kwa mkewe ananiambia mimi: "Mwambie mke wangu shati langu halina kifungo." Mke wake amekaa pale pale, anamenya viazi. Leo nimemjibu, "Mwambie mume wake sindano iko kwenye droo."

Jumapili, 23 Agosti

Baba anakaa kitandani sasa, mto mgongoni. Millicent ndiye anayemgeuza, maana ana nguvu kunizidi. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza.

"We msichana," baba anasema, "chai hii imepikwa au imeonyeshwa majani tu?"

"Daktari kasema msinywe nzito."

"Daktari yuko mjini. Niongezee."

"Mtaongezewa mkimaliza uji."

Anamwambia baba ninyi, kama inavyompasa mtoto. Ni neno lile lile alilokuja nalo Juni, lakini wakati ule lilikuwa tupu kama koti kwenye msumari. Sasa lina mtu ndani. Na baba anang'aa. Analalamika kutwa nzima, anatishia kutoka kitandani, anamwita we mara hamsini kwa saa. Sijamwona na furaha hivyo tangu mama.

Edmund alipita kwenye ngazi akasikia pia. Akashuka haraka akatoka nje. Kwa mara ya kwanza nilikaribia kumhurumia, kisha akanipigia kelele kuhusu buti zake, ikapita.

Jumamosi, 5 Septemba

Bwana Fairclough kaja na karatasi. Tulikusanyika chumbani kwa baba. Edmund alikuwa na kizibao chake na kalamu yake mwenyewe.

Wakala aliketi kwenye ukingo wa kitanda. "Bwana Raine, mwenye ardhi yuko tayari kuandika mkataba upya. Anataka kujua tu shamba litaendeshwa na nani."

"Na mimi," Edmund akasema. "Tulishazungumza. Pamoja na wageni wa majira ya joto."

"Mwenye ardhi hataki wageni. Anataka ng'ombe," wakala akasema kwa upole. "Na nilimwuliza mzee."

Baba alijivuta juu ya mto. "Nilikuwa chini ya gari lile," akasema, "nikawa naona miguu. Mtu akilala chini anaona miguu tu. Nikaona miguu ya Edmund, haikusogea. Andikeni Tamar."

Edmund akapauka. "Mwanamke? Baba, mna homa!"

"Sina homa. Na we usinisahihishe, niko kitandani kwangu."

Nilidhani nitafurahi, nikimtazama anavyoifunika kalamu yake kuirudisha mfukoni. Nilijisikia tu kama mtu aliyesimama muda mrefu na ndoo mbili, akaambiwa anaweza kuweka moja chini.

Wakala aliponipa karatasi nitie sahihi aliniambia, "We andika hapa, Bibi Tamar," kisha akashtuka, akaomba radhi. Alisema hajui limetoka wapi.

Jumatatu, 7 Septemba

Edmund anaondoka. Kuna rafiki Leeds anayeuza magari na anahitaji mtu wa kuongea vizuri. Amemwagiza mkewe, kupitia mimi, afunge masanduku. Nikaupeleka ujumbe. Millicent akasema, "Nimesikia," akaendelea kutandika kitanda cha baba.

Jumatano, 9 Septemba

Gari lilikuja saa tatu. Edmund aliweka sanduku lake nyuma, akavaa kofia, akapunga mkono kuelekea dirisha la baba. Mimi aliniinamia kidogo, kama wanavyomwinamia mhudumu.

Millicent alikuwa langoni na ndoo ya maziwa mabovu ya kulisha nguruwe, aproni chafu, mikono wazi mpaka viwikoni. Masanduku yake matatu yalikuwa juu bado, tupu, mojawapo paka amezalia.

"Mnakuja?" Edmund akamwuliza.

Alimtazama. Aliweka ndoo chini.

"Nenda we," akasema.

Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote. Mama humwambia mtoto wake wa mwisho akiwa titini, na mkulima humwambia mbwa aliyeua kondoo. Nilimtazama usoni nikashindwa kujua alimwambia lipi kati ya hayo mawili. Sidhani naye alijua. Edmund alisimama, mguu mmoja ndani ya gari. Dereva alipiga honi. Nikafikiri: sema, mpumbavu we, sema neno lolote, bado lango liko wazi.

"Ninyi," Edmund akasema. "Tulishakubaliana. Inatakiwa useme ninyi."

Kisha akaingia ndani ya gari. Hakusikia hata kwamba yeye mwenyewe ameteleza, kasema useme, si mseme.

Millicent alifunga lango, akapeleka maziwa kwa nguruwe.

Alasiri tulisukasuka maziwa kwenye pipa la siagi, zamu kwa zamu. Alifanya kazi vizuri mpaka siagi ikashika, nikaitia chumvi, akaanza kuikanda. Ndipo nikaona machozi yanamdondoka ubaoni, moja moja, bila sauti.

"We, sogea hapo," nikamwambia. "Siagi imeshatiwa chumvi."

Akasogea kidogo, akafuta pua kwa kiwiko, akaendelea kukanda.